Kuutaja Uhalifu wa Urubuni wa Watoto bila Kuihukumu Jamii Nzima ya Waumini

Utangulizi

Uhalifu wa kuwarubuni watoto kingono huzua makosa mawili katika mazungumzo ya hadhara. Kosa la kwanza ni la wanaonyamaza kwa kuchelea kuitwa wabaguzi au kuleta uhasama wa kidini. Kosa la pili ni la wanaoitia hatiani dini nzima ya watuhumiwa, wakawahukumu wazee, wanawake na watoto wasiohusika kwa lolote. Makosa haya huonekana kupingana, na kila upande hujiona ndio mtetezi wa haki. Hata hivyo, matokeo yake kwa mtoto ni yale yale. Macho ya jamii huondoka kwa mtenda na mbinu zake, yakahamia kwenye heshima ya kundi, na mtoto hubaki bila mlinzi.

Makala haya yanalifafanua jambo hilo kwa kutumia mfano wa miji ya Uingereza, hasa Rotherham na Rochdale. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu umechunguzwa kwa kina na tume mbalimbali kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa sababu makosa yote mawili yalitendeka humo waziwazi. Walengwa ni wahudumu wa afya, walimu, maofisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini na waandishi wa habari. Baada ya kuyasoma, msomaji anatarajiwa kuweza kueleza urubuni unavyofanyika, kusoma takwimu za wahalifu bila kupotoka, na kuchagua maneno yanayomlinda mtoto bila kumdhulumu asiye na hatia.

Urubuni ni nini

Urubuni wa kingono ni mchakato ambao mtu humwandaa mtoto, na mara nyingi watu wanaomzunguka, ili aweze kumnyanyasa bila kupingwa wala kutajwa. Huanza kwa upole. Mrubuni humtafuta mtoto mwenye pengo fulani: aliyetoroka nyumbani, anayelelewa katika makao ya watoto, aliyefiwa, anayepuuzwa au mwenye njaa ya kusikilizwa. Humpa zawadi, chakula, vocha, usafiri na sifa. Hujifanya rafiki, kaka au mpenzi. Kisha humtenga na wazazi na marafiki, humzoesha siri ndogondogo, na katika matukio mengi humwonjesha pombe au dawa za kulevya. Unyanyasaji unapoanza, mtoto tayari anajiona mdeni na mshiriki. Vitisho, picha zilizopigwa kwa siri na aibu humfunga mdomo. Pale wahalifu wanapofanya kazi kwa kundi, mtoto hupitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Mambo mawili hufuata kutokana na maelezo hayo. Kwanza, mtoto aliyerubuniwa mara nyingi hamlalamikii mhalifu, bali humtetea. Anayesubiri mtoto alie au akimbilie polisi ndipo aamini, atasubiri bila mwisho. Pili, katika mchakato wote huo hakuna hatua inayohitaji dini au kabila fulani. Inachohitaji ni fursa ya kumfikia mtoto, mamlaka au mvuto juu yake, na hakika kwamba watu wazima hawatauliza maswali.

Yaliyotokea Rotherham na Rochdale

Agosti 2014 Profesa Alexis Jay alitoa ripoti ya uchunguzi huru kuhusu mji wa Rotherham, kaskazini mwa Uingereza. Ripoti ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono kati ya mwaka 1997 na 2013, na ikaeleza kuwa hayo ni makadirio ya chini. Baadhi yao walikuwa na umri wa miaka 11 tu. Zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari wanajulikana na idara za kuhudumia watoto. Ripoti tatu za awali, za mwaka 2002, 2003 na 2006, zilikuwa zimekwisha kueleza hali hiyo, lakini zilipuuzwa au kuzuiwa.

Wengi wa wahalifu waliotajwa na watoto wa Rotherham walikuwa wanaume wenye asili ya Pakistan. Ripoti ilieleza kwamba baadhi ya watumishi walisita kuitaja asili hiyo kwa hofu ya kuonekana wabaguzi wa rangi, na wengine walikumbuka kuelekezwa na wakubwa wao wasiitaje. Ripoti hiyo hiyo ilieleza jambo la pili ambalo husahaulika: polisi waliwadharau wengi wa watoto hao, wakawaona kuwa wasichana waliojichagulia maisha mabaya. Hofu ilikuwepo, na dharau ilikuwepo. Aliyeumizwa na vyote viwili ni msichana maskini asiyesadikiwa.

Rochdale ilifuata njia kama hiyo. Mwaka 2008 msichana mmoja alieleza polisi aliyotendewa, lakini mwaka 2009 waendesha mashtaka waliamua kwamba mahakama isingemwamini, na shauri likafungwa. Mwaka 2011 uamuzi huo ulibatilishwa na Nazir Afzal, mwendesha mashtaka mkuu wa eneo la kaskazini-magharibi, na Mei 2012 wanaume tisa walitiwa hatiani. Afzal mwenyewe ni Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Pakistan. Aliwashitaki wahalifu wenye asili moja na yake kwa ushahidi wa walichokitenda, na ukweli huo peke yake unatosha kuonyesha udhaifu wa kuihukumu jamii nzima.

Kwa wahudumu wa afya, somo kubwa la Rochdale linamhusu Sara Rowbotham. Yeye aliongoza timu ndogo ya huduma ya afya ya uzazi kwa vijana. Wasichana walifika kwake kutafuta vidonge vya kuzuia mimba na vipimo vya magonjwa ya ngono, naye aliona mtiririko ambao polisi hawakuuona au hawakutaka kuuona. Kwa miaka kadhaa alipeleka taarifa zaidi ya 100 kwa vyombo vya ulinzi wa watoto. Tathmini iliyotolewa Januari 2024 ilithibitisha kuwa alisema kweli na kwamba taarifa zake hazikushughulikiwa ipasavyo. Taarifa zake zilikuwa na thamani kwa sababu zilitaja watu, mahali, namba za simu na magari.

Kosa la kwanza: ukimya

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimya wa maofisa wa Rotherham ulidaiwa kuwa ni kwa ajili ya kulinda uhusiano mwema wa kijamii. Matokeo yake yakawa kinyume. Jambo lililofichwa kwa miaka mingi lilipofichuka, lilifichuka pamoja na tuhuma ya njama, na wanasiasa wenye chuki wakapata hoja ambayo wasingeipata kama wahalifu wangekamatwa mapema na kutajwa kwa majina yao.

Ukimya huo ulizaa pia upofu wa takwimu. Juni 2025 Louise Casey, aliyepewa na serikali kazi ya kukagua suala hili kitaifa, alieleza kwamba katika takwimu za taifa asili ya wahalifu haikuwa imeandikwa kwa takriban theluthi mbili yao. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika hali ya nchi nzima ikoje. Hata hivyo, takwimu za polisi wa maeneo matatu, yaani Greater Manchester, South Yorkshire na West Yorkshire, zilionyesha kwamba wanaume wenye asili ya Asia walikuwa wengi kupita uwiano wao katika idadi ya watu. Casey alipendekeza asili na uraia wa watuhumiwa viandikwe kwa lazima, na serikali ikakubali mapendekezo yake yote 12, likiwemo la uchunguzi wa kitaifa.

Kuandika taarifa hizo si ubaguzi, mradi fomu ni ile ile kwa kila mtuhumiwa. Ubaguzi huingia pale dini ya mtu inapoandikwa kwa baadhi na kuachwa kwa wengine, au inapoandikwa kisha ikageuzwa kuwa hukumu.

Kosa la pili: lawama ya jumla

Ipo methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mara nyingi hutumiwa kuwahukumu wengi kwa kosa la mmoja. Lakini mvuvi anayeitii methali hiyo kwa busara humtoa yule mmoja mapema. Hakuna anayemwaga baharini tenga zima, achilia mbali kuchoma moto soko.

Lawama ya jumla huanza na kuchanganya maneno. Nchini Uingereza magazeti mengi yaliandika kuhusu magenge ya Waasia. Wahindu na Masingasinga wakalalamika, baadhi yao wakiwa ni watu ambao familia zao zilihamia huko kutoka Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na 1970, kwamba wamevalishwa hatia isiyowahusu. Wengine wakabadili neno na kusema Waislamu. Hapo walijumuishwa Wasomali, Waturuki, Wayemeni, Wanigeria na watu wa Zanzibar na Mombasa waishio London. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu Waislamu wapatao milioni 3.9 katika England na Wales, na watu wenye asili ya Pakistan wapatao milioni 1.6. Kila hatua ya kubadili neno ilipanua tuhuma kutoka kwa watu waliothibitishwa mahakamani hadi kwa mamilioni ya watu.

Haifai kukwepa ushahidi mgumu. Jaji aliyetoa adhabu katika shauri la Rochdale mwaka 2012 alisema kwamba, kwa maoni yake, moja ya sababu zilizowafanya washitakiwa kuwadharau wasichana wale ni kwamba hawakuwa wa jamii wala dini yao. Kauli hiyo ina uzito na inapaswa kusomwa ilivyo. Inaeleza dharau iliyokuwa katika mioyo ya wahalifu wale, na inawapa walinzi wa watoto kitu cha kuchunguza: je, mtuhumiwa huwagawa watoto kuwa wenye thamani na wasio na thamani? Haisemi kwamba kila muumini wa dini ile ana dharau hiyo, kama vile dharau ya polisi kwa wasichana hao hao haisemi kwamba kila Mwingereza aliwadharau.

Lawama ya jumla imemwaga damu. Mwaka 2015 mjini Rotherham mzee mmoja Mwislamu alishambuliwa alfajiri akiwa njiani kwenda msikitini, huku mshambuliaji akimwita mrubuni wa watoto, na akafariki dunia. Hakuwa na uhusiano wowote na uhalifu huo. Machi 15, 2019 mtu aliyeua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, alikuwa ameandika jina la Rotherham kwenye zana zake. Maelfu ya kilomita kutoka Uingereza, waumini walilipia makosa ya watu ambao hawakupata hata kuwasikia.

Kusoma takwimu bila kupotoka

Hesabu ifuatayo ni ya kubuni, na imewekwa kwa ajili ya kufundishia. Tuseme mji una wanaume 100,000. Kati yao 20,000 ni wa jamii ya kwanza na 80,000 ni wa jamii ya pili. Mahakama imewatia hatiani wahalifu 100, ambao 40 ni wa jamii ya kwanza na 60 ni wa jamii ya pili.

Swali la kwanza ni kama kuna tofauti. Jibu ni ndiyo. Jamii ya kwanza ni asilimia 20 ya wanaume, lakini ni asilimia 40 ya wahalifu. Katika jamii hiyo wahalifu ni 20 kwa kila wanaume 10,000, na katika jamii ya pili ni 7.5 kwa kila 10,000. Anayekataa kuiona tofauti hiyo anakataa kufanya uchunguzi wake wa kitaalamu.

Swali la pili ni kama dini au asili ya mwanaume inatosha kumtambua mhalifu. Jibu ni hapana. Katika jamii ya kwanza wanaume 9,980 kati ya kila 10,000 hawajatenda kosa hilo. Kipimo cha maabara kinachokosea kwa kiwango hicho kingetupwa siku hiyo hiyo.

Swali la tatu ndilo la kumlinda mtoto. Iwapo walinzi wataikodolea macho jamii ya kwanza peke yake, wahalifu 60 kati ya 100 watapita bila kuangaliwa. Mzazi atakayemkataza mwanawe kupanda gari la mtu wa dini fulani, kisha akamwacha bila swali na jirani, kocha au mjomba wa dini yake mwenyewe, amemkinga dhidi ya sehemu ndogo ya hatari na kumwachia sehemu kubwa.

Baada ya tofauti kuonekana, hatua inayofuata ni kutafuta sababu zinazoweza kurekebishwa. Taarifa za Uingereza zinataja tena na tena teksi za usiku na mikahawa ya vyakula vya kubeba, sehemu ambazo watoto waliotoroka nyumbani hukutana na watu wazima bila uangalizi. Zinataja undugu na urafiki wa kazini uliotumika kuwaingiza wanaume wengine katika uhalifu. Zinataja pia leseni za udereva zilizotolewa bila ukaguzi wa kutosha. Mambo hayo yanaweza kudhibitiwa kwa sheria na usimamizi.

Uhalifu huo katika nyumba nyingine za ibada

Anayedhani urubuni ni tabia ya dini moja atazame kwingine. Oktoba 2021 tume huru nchini Ufaransa ilikadiria kwamba watoto wapatao 216,000 walinyanyaswa na mapadre na watawa wa Kanisa Katoliki tangu mwaka 1950. Nchini Uingereza John Smyth, wakili aliyeheshimiwa na kiongozi wa kambi za vijana Wakristo, aliwarubuni wavulana na kuwatesa kwa viboko. Baadhi ya watu wa kanisa waliarifiwa mwaka 1982 wakanyamaza. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaendesha kambi huko na kuendeleza ukatili kwa watoto wa Afrika. Alifariki mwaka 2018 bila kutiwa hatiani. Ripoti ya Novemba 2024 ilieleza uzembe huo, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akajiuzulu mwezi huo huo.

Hakuna mtu mwenye haki aliyesema kwamba Wakatoliki wote au Waanglikana wote ni warubuni. Lililosemwa ni kwamba mamlaka ya kiroho yalitumiwa vibaya, na kwamba wakubwa walilinda jina la taasisi kuliko watoto. Mizani hiyo hiyo inapaswa kutumika kwa kila dini. Kanisa au msikiti hulaumiwa kwa kile ambacho viongozi wake walikijua wakakificha. Muumini wa kawaida halaumiwi kwa sala yake.

Watoto waliosahaulika

Lawama ya jumla ina waathiriwa wengine ambao hutajwa kwa nadra, nao ni watoto wa jamii inayolaumiwa. Ripoti ya Jay ilieleza kwamba wasichana wenye asili ya Pakistan nao walinyanyaswa Rotherham, na kwamba mamlaka yalizoea kuzungumza na wanaume wachache waliojitokeza kama wasemaji wa jamii badala ya kuwasikiliza wanawake. Mwaka 2013 Mtandao wa Wanawake Waislamu wa Uingereza ulichapisha uchunguzi wa matukio 35 ya wasichana na wanawake vijana wenye asili ya Asia, wengi wao Waislamu, waliotumikishwa kingono.

Msichana wa namna hiyo hubanwa pande mbili. Nyumbani anaambiwa kuwa akisema ataivunjia familia heshima. Nje anaona kuwa akisema, maneno yake yatageuzwa silaha dhidi ya baba, kaka na msikiti wake. Anachagua kunyamaza, na mrubuni wake analijua hilo. Kadiri jamii yake inavyotukanwa hadharani, ndivyo ukuta unaomzunguka unavyozidi kuwa mrefu.

Namna ya kusema

Kwanza, litajwe lililothibitishwa, pamoja na idadi, mahali na mwaka. Sentensi isemayo kwamba Waislamu wanaharibu wasichana haina ukweli wala msaada. Sentensi isemayo kwamba wanaume tisa, wanane wao wenye asili ya Pakistan na mmoja wa Afghanistan, walitiwa hatiani Mei 2012 kwa kuwanyanyasa wasichana wa Rochdale, ina ukweli wote na haifichi kitu.

Pili, asili au dini itajwe inapoeleza namna uhalifu ulivyotendeka. Mwalimu wa dini aliyetumia darasa lake kumpata mtoto atajwe kwa cheo hicho, awe wa madrasa au wa shule ya Jumapili. Kipimo kizuri ni kujiuliza iwapo dini ya mhalifu ingeandikwa kama angekuwa wa dini ya mwandishi.

Tatu, asili, uraia na dini visichanganywe. Ni mambo matatu tofauti, na mtu mmoja huyabeba yote bila moja kuwa sababu ya jingine.

Nne, waumini waalikwe kushiriki ulinzi wa watoto, wasiitwe kujibu mashtaka. Juni 2013 khutba ya kulaani urubuni ilisomwa katika mamia ya misikiti ya Uingereza siku moja. Hatua kama hiyo ina nguvu inapotoka kwa waumini wenyewe. Inapodaiwa kama malipo ya hatia, huzaa kinyongo na kufunga milango.

Tano, lugha kuhusu mtoto isafishwe. Mtoto hafanyi ukahaba, bali hutumikishwa. Hana uhusiano wa kimapenzi na mtu mzima anayemnyanyasa. Uingereza iliondoa maneno ya ukahaba wa watoto katika sheria zake mwaka 2015. Jina, picha, shule na mtaa wa mtoto visisambazwe hata kama nia ni njema.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ukihusisha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo kila kituo cha afya kinawapokea watoto hawa, wajulikane au wasijulikane.

Dalili za kuzingatia ni magonjwa ya ngono yanayojirudia, mimba, majeraha yasiyo na maelezo, kujidhuru, kutoroka shule, ulevi wa ghafla, simu au fedha zisizojulikana zilipotoka, na mtu mzima anayemsindikiza mtoto na kumjibia kila swali. Mtoto apewe nafasi ya kuzungumza faraghani. Aulizwe maswali ya wazi, asihojiwe mara kwa mara na watu tofauti, na asiahidiwe siri ambayo sheria haimruhusu mhudumu kuitunza.

Dawa za kinga dhidi ya VVU zianzwe mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na dawa za dharura za kuzuia mimba zitolewe ndani ya saa 120. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na matibabu ya magonjwa ya ngono zitolewe kulingana na mwongozo. Uchunguzi wa bikira hauna thamani ya kitabibu na unamuumiza mtoto kwa mara ya pili.

Taarifa iandikwe kwa mfano wa Rowbotham: nani, wapi, lini, kwa njia gani. Maneno ya mtoto yanukuliwe kama alivyoyasema. Iwapo fomu ina nafasi ya asili au uraia, ijazwe kwa wote. Maoni ya mwandishi kuhusu dini ya mtu hayana nafasi katika jalada. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wa Tanzania Bara wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, vituo vya Mkono kwa Mkono na namba 116, inayotumika Tanzania na Kenya kwa msaada wa watoto, ni milango ya kuanzia.

Hitimisho

Watoto wa Rotherham hawakuhitaji kuchagua kati ya ukweli na haki kwa majirani zao Waislamu. Walihitaji mtu mzima wa kuandika jina la mwanaume, namba ya gari na anwani ya nyumba, kisha kuhakikisha taarifa hiyo inafika mahakamani. Wale waliofanya hivyo, akiwemo mhudumu wa afya wa jamii yoyote na mwendesha mashtaka wa dini yoyote, hawakulazimika kuficha asili ya mtu wala kuitukana. Mahali ambapo taarifa za namna hiyo hupokelewa na kufuatiliwa mapema, uvumi hukosa chakula, na msikiti na kanisa hubaki kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kukimbilia.

Maswali ya majadiliano

1. Mwalimu wa dini katika mtaa wenu anatuhumiwa kumrubuni mtoto. Andika tangazo fupi la kuwafahamisha wazazi, lenye kutaja yanayohitajika kwa ulinzi wa watoto bila kuwatuhumu waumini wengine.

2. Badili hesabu iliyotolewa katika makala ili jamii ya kwanza iwe na wanaume 50,000 na wahalifu 40. Tafuta kiwango kwa kila 10,000 katika kila jamii, kisha eleza iwapo hitimisho kuhusu ulinzi wa watoto limebadilika.

3. Ni taarifa zipi katika kituo chako cha kazi huachwa bila kuandikwa kwa sababu ya hofu au dharau? Nani anaumia kwa kuachwa huko?